Kumrudisha samaki majini si kumwokoa

KATIKA mazungumzo ya wapenda uvuvi hapa Kigali kuna sentensi moja ninayoisikia mara kwa mara: "Sisi hatumuui samaki, tunamrudisha majini." Husemwa zaidi na ndugu zetu waliorejea nyumbani kutoka Ulaya na Marekani, ambao mwisho wa juma hubeba fimbo zao za kuvulia kwenda Ziwa Muhazi, au hulipa kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Akagera ili watupe ndoana katika Ziwa Shakani. Samaki akinasa hupigwa picha, hupimwa, husifiwa, kisha huachiwa aende zake.

Sentensi kama hiyo, ila kwa lugha ya sheria, huwafikia pia wavuvi wa Mwanza, Jinja, Gisenyi na Kibuye: samaki mchanga akiingia wavuni, arudishwe ziwani. Wafanyabiashara wanaopitisha samaki Rusumo, Gatuna au Rusizi nao huisikia pale mzigo wao unapofunguliwa na kuonekana umejaa vitoto. "Hawa wangerudishwa majini," huambiwa.

Mwenye fimbo ya bei kubwa na mama mwenye beseni kichwani hawafanani kwa mengi. Lakini wote wawili wameambiwa jambo moja, kwamba samaki akirudishwa majini ataishi. Mimi nasema kwamba kwa samaki wengi wa maziwa yetu jambo hilo si kweli. Na kwa kuwa si kweli, kanuni zinazolitegemea haziwalindi samaki kama tunavyodhani, na mzigo wa kuwalinda unabebeshwa mtu asiyeweza kuubeba.

Nianze na hawa wa burudani, kwa sababu wao wamefanyiwa utafiti zaidi.

Mtindo wa kuvua na kuachia ulipata nguvu sana Marekani kupitia mashindano ya kuvua samaki wanaoitwa black bass. Ray Scott, aliyekuwa wakala wa bima katika jimbo la Alabama, aliandaa shindano lake la kwanza mwaka 1967, na mwaka 1972 akaanzisha kampeni ya kuwataka washindani wasiue samaki wao. Boti zikawekewa matangi yenye maji yanayoingizwa hewa. Samaki hukaa humo kutwa, jioni hupimwa uzito mbele ya watazamaji, kisha hurudishwa ziwani.

Lilikuwa jambo jema, maana kabla ya hapo samaki hao waliishia kufa wote. Lakini wataalamu hawakuridhika na kumwona samaki akipiga mkia na kuzama. Waliwaweka samaki walioachiwa katika vizimba ndani ya maji na kuwaangalia kwa siku kadhaa. Mapitio ya tafiti hizo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kuwa, kwa wastani, zaidi ya robo ya samaki wa mashindano hayo walikufa. Wengi wao hawakufa mikononi mwa mvuvi. Walikufa baadaye, wakati mvuvi alikwisha kwenda nyumbani na kikombe chake, akiamini hajaua.

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Bartholomew na Bohnsack, walikusanya makadirio 274 ya vifo vya samaki wa aina mbalimbali walioachiwa baada ya kuvuliwa kwa ndoana. Wastani ulikuwa samaki 18 kati ya kila 100. Wastani huo unaficha mengi, kwa sababu katika baadhi ya tafiti hakufa hata mmoja, na katika nyingine walikufa zaidi ya 90 kati ya 100. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama samaki aliyeachiwa huishi, jibu la kweli ni kwamba inategemea ni samaki gani, amenaswa wapi, ametolewa kina gani, ameshikwa vipi, na maji yalikuwa na joto kiasi gani.

Ndoana ikishika mdomoni, samaki ana nafasi nzuri. Ikimezwa hadi kooni au tumboni, hugusa matamvua, moyo na ini, na hapo nafasi hupungua sana. Chambo cha asili, kama mnyoo au kipande cha samaki, humezwa kwa undani kuliko chambo cha bandia. Mvuvi anayeivuta ndoana iliyokwisha kumezwa humjeruhi samaki mara ya pili. Akiukata uzi na kuiacha ndoana humo humo, humwachia samaki nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Kisha kuna picha. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichukua samaki aina ya trauti, wakawakimbiza majini mpaka wakachoka kama anavyochoka samaki aliyevutwa na mshipi. Waliorudishwa papo hapo walikufa 12 kati ya 100. Waliokaa nje ya maji kwa sekunde 30 walikufa 38 kati ya 100. Waliokaa sekunde 60 walikufa 72 kati ya 100. Trauti ni samaki wa maji baridi na ni dhaifu kuliko tilapia, kwa hiyo nambari hizo haziwezi kuhamishwa kama zilivyo hadi Muhazi. Lakini zinaonyesha njia mauti yanakopitia. Sekunde 60 ni muda wa kumtafuta rafiki mwenye simu, kujipanga, kutabasamu, na kurudia picha kwa sababu ya kwanza mtu alifumba macho.

Tuongeze hali ya kwetu. Maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na maji ya nyanda za juu hubeba kidogo kuliko ya pwani. Samaki aliyechoka anahitaji oksijeni nyingi ili arudi katika hali yake. Anayevua Muhazi saa saba mchana, jua likiwa kali, na kumchosha samaki kwa dakika kumi kwa sababu uzi wake ni mwembamba, amemtwika mzigo ambao mvuvi wa maji baridi ya Kanada hamtwiki wa kwake.

Nchi nyingine zimefika mbali zaidi katika suala hili. Kanuni za Uswisi za mwaka 2008 zinakataza kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, kwa hoja kwamba huko ni kumtesa mnyama kwa ajili ya starehe. Ujerumani nayo, kwa sheria yake ya kulinda wanyama, inamtaka mvuvi awe na sababu ya maana, na kitoweo ni sababu ya maana. Waliorejea kutoka huko wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Sisemi tuige Uswisi. Ikiwa samaki 82 kati ya 100 wanaishi, hao ni 82 ambao wasingeishi kama wote wangeingia kikapuni. Hoja hiyo ni nzito na naikubali. Ninachokataa ni ile amani ya moyo anayoondoka nayo mvuvi. Mtu anayevua samaki 30 kwa siku na kuwaachia wote anaweza kuwa ameua wengi kuliko jirani yake aliyevua watatu, akawapeleka jikoni na kufunga kazi.

Tena kuna swali la ni samaki gani anayeachiwa. Kenya wanalijua hili kupitia Ziwa Naivasha. Black bass niliyemtaja si mwenyeji wa ziwa hilo. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliotaka mchezo. Anayemwachia pale anamrudisha mgeni anayekula samaki wengine. Hapa kwetu, Muhazi lina kamongo, naye ni wa kuletwa. Kamongo anapumua hewa kama sisi, hivyo ukimwachia ataishi bila shaka. Kwake yeye swali ni kama ulipaswa kumwachia.

Sasa niende kwenye jambo zito, kwa sababu fimbo za Muhazi ni chache na nyavu za maziwa makubwa hazihesabiki.

Sisi tuliorejea kutoka Tanzania na Uganda tulikuta nyumbani watu wengi ambao wazazi wao hawakuwalea kwa samaki. Mambo yamebadilika. Leo sangara, tilapia, dagaa na sambaza wako Kimironko na Nyabugogo, na sehemu kubwa wamevuka mpaka. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, kila mwenye meza ya samaki alijua maziwa ya jirani yanamhusu kiasi gani. Kwa hiyo samaki anayekufa bure Ukerewe au Kalangala anamhusu mtu wa Kigali.

Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchi tatu za ziwa hilo, ambazo mwaka 1994 ziliunda taasisi ya pamoja ya uvuvi yenye makao yake Jinja, zilikubaliana kwamba sangara asiyefikia urefu wa sentimita 50 asivuliwe wala kuuzwa. Zilikubaliana pia kuwalinda wazazi wakubwa waliozidi sentimita 85. Kibaiolojia ni wazo zuri: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae.

Lakini fikiria jinsi sangara anavyovuliwa. Wavu unategwa jioni na kuopolewa alfajiri. Aliyenasa saa mbili usiku amebanwa matamvua kwa saa nyingi, na anapopandishwa ni maiti. Huyo hata akiwa na sentimita 49, kumrudisha majini ni kumtupa.

Aliyenaswa kwa ndoana ya mshipi mrefu anaweza kupanda akiwa hai. Hapo linakuja suala la bondo. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua bondo kwa bei yake, kwa maana ndilo linalonunuliwa kwa fedha nyingi kuliko minofu na kusafirishwa hadi China. Kwa sangara mwenyewe bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea katika kina anachotaka. Akiwa mita 20 chini, maji yanaikandamiza hewa hiyo. Akivutwa juu kwa haraka, hewa ile ile hutanuka takriban mara tatu, naye hana njia ya kuitoa upesi. Tumbo hujaa, macho hutoka nje, na pengine utumbo husukumwa hadi mdomoni. Ukimrudisha hazami. Huelea kichalichali mpaka furukombe amwone. Kwa macho ya sheria mvuvi huyo ametii, ila ziwa halikupata kitu na chungu hakikupata kitu.

Tilapia ana habari yake. Jike wa tilapia tunayemfahamu hubeba mayai na vifaranga wake mdomoni. Akishtuka au akinaswa huwatema. Unaweza kumrudisha akiwa mzima kabisa, akaishi, lakini kizazi alichokuwa amekibeba kimebaki kwenye mtumbwi au kimeliwa na samaki wengine.

Kambale ni kinyume chake. Ana kiungo cha kupumulia hewa, na kila aliyemnunua sokoni anajua anavyoweza kukaa kwenye beseni kwa muda mrefu akiwa hai. Kambale mdogo akirudishwa bila jeraha kubwa, ana matumaini mazuri ya kuishi.

Mwisho kuna sambaza wetu wa Kivu. Naye si mwenyeji, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na amekuwa riziki ya maelfu ya kaya pande zote mbili za ziwa. Huvuliwa usiku kwa taa na wavu unaoinuliwa kati ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa. Magamba yake hubanduka kwa kuguswa tu, na nje ya maji hafikishi muda wa kusimulia. Hakuna mtu duniani anayeweza kuinua wavu wa sambaza, akachagua wadogo na kuwarudisha wakiwa hai. Wavu ukishainuliwa, mambo yamekwisha.

Hao ni samaki wanne, na majibu ni manne. Kanuni moja ya "mrudishe" haiwezi kuwatosha wote. Na pale isipofaa, huzaa uongo. Mvuvi aliyepata sangara mchanga aliyekufa ana njia mbili: amtupe, apoteze jasho lake bila ziwa kufaidika, au amfiche na kumuuza usiku. Wengi huchagua ya pili, na siwezi kuwashangaa. Samaki huyo hukaushwa, hufungwa kwenye gunia, na huanza safari ya mpakani. Anayekuja kukamatwa ni mama aliyemnunua kwa mkopo, siku kadhaa baada ya samaki kufa.

Tuliona mwaka 2018 nchini Tanzania, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zikichomwa moto na samaki wachanga wakikamatwa. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017. Sipuuzi kazi hizo, kwa sababu bila sheria ziwa litakwisha. Lakini nguvu inapotumika kwa samaki aliyekwisha kufa, inakuwa imechelewa.

Nchi za wenzetu zimepita huku. Norwei, ambayo maisha ya watu wake wa pwani ni uvuvi, iliamua mwaka 1987 kwamba chewa aliyevuliwa asitupwe baharini hata kama hakutakiwa. Aletwe nchi kavu, ahesabiwe, na mvuvi asipate faida kutokana naye. Hivyo hana sababu ya kumtafuta, na hana sababu ya kumficha. Umoja wa Ulaya ulifuata mkondo huo hatua kwa hatua kati ya 2015 na 2019, na ukaweka msamaha kwa samaki ambao utafiti umeonyesha kwamba wakirudishwa huishi kwa wingi. Yaani kanuni yenyewe inauliza kwanza: huyu akirudishwa, ataishi?

Swali hilo ndilo ninaloomba liingie katika kanuni zetu. Rwanda ilitunga sheria ya uvuvi na ufugaji wa samaki mwaka 2008, na sasa tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na nchi zote za Ziwa Victoria na pia Kongo. Nafasi ya kuzungumza ipo. Nina mapendekezo manne.

La kwanza, tukague wavu kabla ya kukagua samaki. Wavu nao ni bidhaa, hupita mpakani kama vitenge na betri. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku katika nchi za Ziwa Victoria, na katika Kivu tunazo zile za macho madogo zinazoitwa kaningini, zinazokomba hata vifaranga. Nyavu hizi hazioti ziwani. Kuna aliyeziagiza, aliyezipakia na aliyezivusha. Bunda moja la nyavu likizuiwa Rusumo au bandarini linaokoa samaki wengi kuliko magunia mia ya samaki wakavu yatakayokamatwa baadaye. Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, wapo miongoni mwetu wanaobeba nyavu hizo kwenda na samaki kurudi. Hao wanakata tawi walilokalia.

La pili, vipindi vya kufunga ziwa vipewe heshima na vipewe msaada. Kwa sambaza hakuna dawa nyingine. Rwanda hufunga uvuvi katika Kivu kwa takriban miezi miwili kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaonung'unika. Nawaelewa, kwa sababu njaa haina likizo. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kinachotakiwa ni vyama vya ushirika vya wavuvi na vya akina mama wauza sambaza kuweka akiba kwa ajili ya miezi hiyo, kama tunavyoweka katika ikimina kwa ajili ya ada za shule, na serikali iongeze chake juu ya akiba hiyo. Tena sambaza havuki mstari wa katikati ya ziwa kwa kibali. Ziwa likifungwa upande mmoja huku upande wa pili taa zikiwaka usiku kucha, faida inakuwa nusu.

La tatu, samaki aliyekwisha kufa aliwe. Mchanga aliyenaswa kwa bahati mbaya aletwe mwaloni, aandikwe, na apelekwe kwenye jiko la shule au la hospitali kwa malipo madogo yasiyozidi gharama ya kumleta. Wapo watakaosema wavuvi wajanja wataigeuza njia hiyo kuwa biashara. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka malipo kuwa madogo. Na faida nyingine ni kwamba tutapata hesabu. Leo anayetupwa haandikwi popote, na wataalamu wanakadiria hali ya ziwa bila kujua ni wangapi wanaokufa nje ya daftari.

La nne linawahusu wenye fimbo. Mamlaka za maziwa na hifadhi zinazoruhusu uvuvi wa burudani ziweke masharti machache katika tiketi. Ndoana zisiwe na kijino cha nyuma, au ziwe za duara, ambazo hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Mikono ilowanishwe kabla ya kumshika samaki, ili isimwondolee ule ute unaomkinga na maradhi. Ndoana ikimezwa, uzi ukatwe. Picha ipigwe samaki akiwa majini, au asitolewe kabisa. Jua likiwa kali, watu wakae kivulini. Na iwepo idadi ya mwisho ya samaki kwa siku, wakiwamo wanaoachiwa, kwa sababu hao nao wanatoa kafara yao.

Nitaulizwa: je, maskini ale nini, ikiwa sangara mdogo ndiye anayeweza kumnunua? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba samaki wa maskini yupo, ni dagaa. Dagaa ni mtu mzima akiwa na urefu wa kidole, amekwisha kuzaa, na huongezeka upesi. Sangara wa urefu wa kiganja ni mtoto. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka takriban mara nane. Anayenunua kitoto cha sangara leo amenunua sehemu moja kati ya nane ya kile ambacho ziwa lingempa kwa kusubiri.

Nitaulizwa tena: nikikataa kununua mimi, si atanunua mwingine? Ndiyo, ukikataa peke yako. Lakini wafanyabiashara wa mpakani wa nchi hii wengi wamo katika vyama vya ushirika. Chama kikikubaliana kwamba kila mwanachama ana kijiti chenye alama ya sentimita 50, na kwamba asiyefika alama hiyo hanunuliwi, mchuuzi wa upande wa pili atalazimika kusikiliza, naye atamwambia mvuvi. Mvuvi hutega wavu kulingana na soko. Akijua vitoto havina mnunuzi Rusumo, atatafuta wavu wa macho makubwa, na vile vitoto vitapita katikati ya macho hayo bila kupandishwa wala kushikwa. Hao ndio watakaokuwa wameokolewa kweli.

Kwa hiyo kijiti hicho kisisubiri operesheni nyingine wala mkutano wa mawaziri. Kinaweza kukatwa wiki hii, na kikao cha chama kinachofuata kinaweza kukipitisha. Na ndugu zangu wa fimbo za Jumamosi, kabla ya kutuambia kwamba hamuui, tuambieni mnatumia ndoana gani.